Siku ya mwisho Mji Mkongwe: unatafuta papya au unarudi palepale?

#1 Binti Kirumba

Habari zenu wakuu. Nimerudi Mwanza juzi kutoka Unguja, nimekaa siku nane, na kuna jambo limenikaa kichwani nataka mnisaidie kulifikiri.

Siku saba za kwanza nilikuwa napotea tu. Chumba changu kilikuwa Kiponda, na kila nikitoka kwenda Darajani kununua machungwa nauliza njia mara tatu. Siku ya nane, ya mwisho kabisa, nimeamka, nimetoka simu iko ndani ya pochi, nimekata kushoto penye ule mlango wenye mnyororo uliochongwa kwenye fremu, kulia kwa mzee mwenye cherehani, nikatokea Darajani moja kwa moja. Sijauliza mtu. Nilisimama pale katikati ya wauza samaki, machozi yakanilengalenga. Mji umenifungulia njia siku ninayofunga begi!

Siku hiyo nilikuwa nimepanga kwenda Changuu kuwaona kobe, maana sikuwa nimefika. Nikaacha. Nikarudi kote nilikokwisha kupita: Mkunazini, kibaraza cha kahawa, kwa mama wa urojo, Forodhani. Na hapo Forodhani ndipo nilipochoka. Jioni yangu ya kwanza, saa kumi na moja, vijana walikuwa wanachupa baharini mmoja baada ya mwingine, maji yamejaa hadi ukutani. Jioni ya mwisho, saa ileile, maji yameshuka, vijana wamekaa juu ya ukuta, nguo kavu. Nikaona kama mji nao umenyamaza kwa sababu naondoka. Asubuhi saa moja nilikuwa kwenye boti.

Naomba kujua. Nyie siku ya mwisho ya safari kwenye mji mnaoupenda mnaitumiaje? Na kwa nini siku hiyo mtu anaona vitu kwa ukali kuliko siku zote?

#2 Kamanda Mbagala

Karibu bara dada. Mimi napinga. Siku ya mwisho ndiyo siku ya kwenda papya, kwa sababu hofu imeisha, bei unazijua, gari za shamba unazijua. Siku ya kwanza mgeni anatumia nusu ya akili yake kulinda pochi.

Naenda Unguja kwa biashara karibu kila mwaka na siku ya mwisho lazima nifike mahali ambapo sijafika. Nimeshaona kima punju Jozani, nimeona magofu ya Maruhubi, nimefika Mangapwani. Changuu ni kama nusu saa tu kwa boti ndogo, na wale kobe wengine wamepita miaka 100. Umewaacha kobe wa miaka 100 ukaenda kunywa kahawa uliyokwisha kuinywa. Ukirudi palepale unajitafutia huzuni ya bure.

#3 Mtoto wa Malindi

Ahsante bibie kwa kuupenda mji wetu. Nikusahihishe kidogo, mji haukukufungulia kitu. Ulichofunguka ni shingo. Mgeni hutembea akitazama juu: milango, roshani, madirisha. Sie wenyewe tunatazama chini, penye mtaro, na masikio yako nyuma kusikiliza vespa. Siku ya nane shingo yako ilishachoka kutazama juu, ukaanza kutazama kama sie, njia ikaonekana.

Na Mji Mkongwe hauna kupotea. Ni rasi. Ukienda upande huu unatokea baharini, ukienda upande ule unatokea Darajani. Pale Darajani nako palikuwa maji, mkono wa bahari ulipita hapo na juu yake palikuwa na daraja, ndiyo asili ya jina, na ng'ambo ya maji ikaitwa Ng'ambo mpaka leo. Maji yamefukiwa zamani, soko lenyewe lipo tangu 1904. Kwa hiyo mwambie mgeni yeyote: ukipotea, usirudi nyuma, endelea.

#4 Nahodha wa Mkokotoni

Dada wa #1, mji haujanyamaza. Ni maji.

Maji kujaa kunachelewa kila siku kwa kama dakika 50. Ukipiga hesabu ya wiki nzima unapata karibu saa sita. Sasa kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo. Maana yake, pahali palipojaa maji saa kumi na moja jioni, baada ya siku saba saa ileile patakuwa pamekupwa. Umekaa siku nane. Umeona upande mmoja wa maji na upande wake wa pili.

Na ninakuambia hata mwezi ulivyokuwa. Jioni yako ya kwanza mwezi ulikuwa mpevu, au ulikuwa ndiyo umeandama. Kwetu hapa bamvua, yaani maji makubwa ya siku hizo za mwezi, linajaa alasiri na jioni. Ile ya mwisho ilikuwa maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, ndiyo maana yalishuka lakini hayakukimbia mbali. Wale vijana wanajua. Huwezi kuchupa penye maji mafupi ukabaki na shingo.

#5 Binti Kirumba

Nahodha!! Mwezi ulikuwa mkubwa kweli usiku wa kwanza, niliupiga picha juu ya Ngome Kongwe. Nimepata mwili kusisimka hapa. Na ni kweli maji hayakwenda mbali, mashua zilikuwa bado zinaelea.

Ila nikuulize kwa heshima, ukishajua ni maji, huzuni inaondoka?

#6 Nahodha wa Mkokotoni

Kwangu haiondoki. Nimekuambia sababu ya maji tu.

#7 Bi Doti

Mimi ni wa Tanga, Unguja nimeenda mara nne, zote harusi na misiba. Naona wanaume mnazunguka. Siku ya mwisho mtu anaona vizuri kwa sababu siku hiyo hatazami kwa ajili yake. Anatazama kwa ajili ya waliobaki nyumbani.

Mara ya mwisho nilitumwa doti mbili na wifi yangu. Nimekaa Darajani dukani karibu saa nzima. Muuzaji anaifungua kanga, anaitandaza juu ya mikono yake miwili, anasoma jina kwa sauti, anasubiri uso wangu. Nikikunja uso anaikunja na yeye. Alisoma moja: *Wema hauozi*. Wifi yangu alimuuguza mama yangu miezi sita. Nikasema hiyo hiyo, usiikate, nitaikata nyumbani. Siku nyingine zote nilizopita mbele ya duka lile nilikuwa naona rangi tu. Siku ile nilisoma kila jina, kwa sababu kila moja lilikuwa linatafuta mtu wake.

Kwa hiyo swali la papya au palepale kwangu halipo. Siku ya mwisho naenda sokoni.

#8 Kijana wa Mvita

Salaam kutoka Nairobi, ila mimi ni wa Mombasa kwa kuzaliwa. Nimeona mmetaja urojo. Ndugu zangu wa Unguja, sisi nasi tuna viazi vya rojo, na nawaambia kwa roho safi kwamba ukali wa embe wetu haupatikani kwenu.

Haya, kwenye mada. Mji ninaoupenda ndio mji wangu, na kila likizo ina siku ya mwisho. Tangu hii reli mpya iwe na treni ya usiku naondoka nayo, saa nne. Maana yake nina mchana mzima wa mwisho, na mchana huo sijawahi kuupeleka mahali papya hata mara moja. Alasiri naenda Mama Ngina, nanunua viazi karai na dafu, nakaa nikingoja meli iingie Kilindini. Meli hupita karibu sana pale, hata unasoma jina lake na kuwaona mabaharia wamesimama ukingoni. Nao wanatutazama sisi. Wao wanafika, mimi naondoka.

Maoni yangu: ukali wa macho unatoka kwenye tiketi. Tiketi ikiwa mfukoni kila kitu kinakaa vizuri. Mama yangu akianza kufunga mahamri kwenye gazeti hata ukuta wa jikoni naanza kuupenda.

#9 Mtoto wa Malindi

Kijana wa Mvita, yakhe, viazi vya rojo si urojo. Urojo wetu una kachori, badia, viazi, yai, mishikaki, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa juu, chatine ya nazi, halafu ndimu. Embe ni moja tu katika jamaa. Umeichukua ndugu mmoja ukaiita ukoo.

Nirudi kwa bibie wa #1 kuna kitu kingine. Unasema jioni ile ya Forodhani ilikuwa ya siku ya mwisho. Kwa hesabu yetu ya asili siku inaanza magharibi, si usiku wa manane. Jua likizama ndiyo siku nyingine imeingia. Boti yako iliondoka asubuhi, kwa hiyo siku yako ya mwisho ilianza pale pale Forodhani jua lilipozama, wakati wewe unadhani imekwisha. Ulichokitembelea mchana kutwa ilikuwa siku ya kabla ya mwisho. Usiku ulifanya nini?

#10 Binti Kirumba

Usiku nilifunga begi na kulala saa tatu ili nisichelewe boti. Sasa naumia zaidi.

#11 Mswahili wa Muscat

Nawasoma kutoka Muscat. Babu yangu alizaliwa Sokomuhogo, mimi nimezaliwa huku, Kiswahili cha nyumbani ndicho hiki.

Mtu hajautaja upepo. Zamani mtu hakuichagua siku yake ya mwisho Unguja. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Ukishaisikia kusi imeanza, umekwisha. Humalizi maneno, humalizi biashara, unapanda. Na anayebaki anajua hutarudi mpaka kaskazi nyingine. Hata jina Forodhani linatokana na forodha, hapo ndipo mali iliposhushwa na kupakiwa, kwa hiyo watu wameagana penye ukuta ule kabla haujawa bustani. Nadhani mji wenyewe umezoea kuagana. Nyumba zake zimepangwa kwa jambo hilo: kibaraza kiko nje, mgeni haingii ndani, anaketi kizingitini, anapewa kahawa, anaondoka bila kuacha pengo chumbani.

Mimi siku yangu ya mwisho, mwaka 2019, niliketi kwenye kibaraza cha nyumba ya babu. Sasa wanakaa watu wengine, sikubisha hodi. Niliketi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Sikwenda kokote.

#12 Kamanda Mbagala

Mkuu wa Muscat, hiyo imenigusa, siwezi kuipinga. Lakini wewe hukuwa mgeni.

Mimi narudi kwenye hoja yangu na sasa nina ushahidi. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani. Nani aliyeingia ndani akaiona vizuri? Wengi waliiacha, "nitaiona safari ijayo". Imeanguka. Jengo lililopigwa mizinga na Waingereza 1896 likasimama, limekuja kuanguka wakati wetu. Papya pasipoonwa leo pengine hapatakuwepo.

#13 Fundi Chokaa

Kamanda, hapo umechanganya kidogo. Vita ya Agosti 1896 ilikuwa ya chini ya saa moja, na iliyoumia zaidi ni kasri la jirani. Beit el Ajaib haikudhurika sana. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa, huo ndio ulioharibika, na mnara wa saa ukaja kujengwa kwenye jengo lenyewe 1897. Jengo ni la Sayyid Barghash, 1883. Sehemu iliyoanguka ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili waliokuwa kazini walifariki. Mungu awarehemu. Tusiwasahau tunapoliongelea jengo.

Mimi ni fundi wa nyumba hizi, nimefanya kazi Mji Mkongwe miaka 12. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haizidi hapo, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kama korido. Adui ni maji ya mvua. Plasta ya chokaa ikibanduka, maji yakaingia kwenye jiwe, boriti inaanza kuoza kwenye ile ncha iliyozama ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Ukiwa chini chumbani unaona dari nzuri, nyeupe. Mimi nagonga kwa nyundo nasikiliza. Boriti nzima inalia kavu, iliyooza inalia kama unagonga gunia.

Sasa kisa changu. Novemba 2020 nilikuwa naondoka kwenda kazi ya Lindi. Siku ya mwisho nilipita Mizingani, nikaliona jengo, nikasema nilipige picha. Simu ilikuwa na chaji ndogo, nikasema nikirudi. Nilikuwa nimelipita kila siku kwa miaka. Kwa hiyo Kamanda, hoja yako inanipa haki mimi na inampa haki dada wa Kirumba pia: kilichoanguka hakikuwa papya kwangu. Kilikuwa palepale.

#14 Kamanda Mbagala

Nimekuelewa fundi. Ila bado kobe!

#15 Mpita Njia 77

Naleta kisa ambacho labda kitasaidia. Miaka mitatu iliyopita nilizunguka siku ya mwisho mpaka boti ya alasiri ikaniacha. Begi lilikuwa nyumba ya wageni, mwenye funguo kaenda kuswali, nilipofika Malindi bandarini lango limeshafungwa. Ikabidi nilale, niondoke kesho yake.

Kwa maneno ya wengi humu, nilipata siku ya bure, ya ziada, siku ambayo haikuwa kwenye hesabu. Ningefurahi mno. Wakuu, siku ile haikuwa na ladha yoyote. Vichochoro vilevile, kahawa ileile, nilikuwa kama mtu aliyekwisha kuaga msibani halafu gari likakataa kuwaka, anarudi kukaa tena jamvini. Tiketi nilikuwa nayo, kwa hiyo nadharia ya Kijana wa Mvita hainisaidii. Shingo ilishazoea, kwa hiyo na ya Mtoto wa Malindi haifanyi kazi. Nadhani ukali ule mtu anao mara moja tu kwa safari moja, akishautumia umekwisha.

#16 Mswahili wa Muscat

Kwangu ilikuwa kinyume chake. Safari ile ya 2019 ndege yangu iliahirishwa kwa siku moja, na ile siku niliyoongezewa ndiyo hiyo ya kibaraza niliyoitaja #11. Siku iliyokuwa ya mwisho kwanza niliimalizia madukani nikinunua halua na mdalasini kwa watu 14. Nimesahau yote. Ile ya pili nakumbuka hata paka.

#17 Bi Doti

Watu 14! Umeuona ukweli wangu #7, ila umeunyima utamu. Ulikuwa unatimiza orodha. Mimi nilikuwa na mtu mmoja.

Halafu halua ya kikapu cha ukili ukiipanga chini ya begi inatoa mafuta. Weka juu.

#18 Mwalimu wa Zamu

Mada nzuri hii. Naongeza mtu mmoja wa historia. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja 1844. Mwaka 1866 aliondoka na meli ya Waingereza, kwa siri, akiwa na mimba ya Mjerumani mmoja mfanyabiashara. Mtu anayetoroka hana siku ya mwisho ya kuzunguka. Hakuaga mtaa, hakunywa kahawa, hakurudi palepale. Alirudi 1885 na tena 1888 akitafuta haki yake ya urithi; ile ya 1885 ndugu yake Sultani Barghash hakumpokea. Alifariki Ujerumani 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho Hamburg.

Nikiwafundisha vijana huwa nawauliza: mchanga ule aliuchukua lini? 1866 usiku ule wa kukimbia, au 1885 alipokuja na kukataliwa? Darasa hugawanyika nusu kwa nusu. Mimi naamini ni safari za baadaye. Mtu anayekimbia hainami kuchota mchanga.

#19 Nahodha wa Mkokotoni

Anainama. Mwalimu, kupanda mashua usiku pale ufukweni unaingia na miguu majini, nguo inaloa, mchanga unapanda nao. Haikuwa lazima auchote. Pengine aliukuta kwenye pindo kesho yake baharini.

#20 Mwalimu wa Zamu

Nahodha, hili nitalipeleka darasani Jumatatu.

#21 Kijana wa Mvita

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Pale Hurumzi, jina linatoka wapi? Mwongozaji mmoja aliniambia ni "uhuru wa mzee", kwamba watumwa waliachiwa huru katika nyumba moja ya pale.

#22 Mtoto wa Malindi

Hiyo ndiyo wanayopewa wageni na hata wenyeji wengi wanaisema. Mie bibi yangu alikuwa akisema ni watu wa Hormuz, wale waliotoka Ghuba ya Uajemi, mtaa ukaitwa kwao. Ukiyatamka yote mawili haraka haraka yanafanana, ndiyo taabu yake.

#23 Fundi Chokaa

Nimefanya kazi nyumba tatu Hurumzi, kila mwenye nyumba ana jawabu lake na kila mmoja anakasirika ukimtajia la mwenzake. Tuliache.

#24 Kamanda Mbagala

Mbona mnakimbia mada. Dada Kirumba, bado hujatuambia. Ulirudi kwa mama wa urojo siku ya mwisho. Kulikuwa na nini pale ambacho kobe wangekunyima?

#25 Binti Kirumba

Sawa Kamanda, nakuambia.

Mara ya kwanza nilikula kwake siku ya pili. Nilimwambia sili pilipili. Akaniwekea bila pilipili, basi, tukaachana. Sikurudi tena siku zote za katikati kwa sababu nilikuwa siioni njia ya kwake, nilipita mitaa ya pembeni tu.

Siku ya mwisho nimefika, ana watu kama sita wamesimama na bakuli. Hakuniangalia usoni. Alichukua bakuli, akavunja viazi kwa kijiko, kachori mbili, badia, akakata yai kwa uzi aliokuwa ameufunga kwenye mguu wa meza, akachota urojo wa njano ukiwa unatoa moshi. Mkono ukaenda kwenye kopo la pilipili, ukafika, ukasimama hapo juu yake. Kisha ukaruka ukaenda kwenye chatine. Akanipa. Ndipo aliponitazama, akasema, "Wewe si wa pilipili."

Nilikula nimesimama, sikuweza kusema naondoka kesho. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema. Nilimwambia tu ahsante mama, akanijibu karibu tena, kama anavyomwambia kila mtu.

Kobe hawezi kukumbuka kwamba sili pilipili.

#26 Kamanda Mbagala

Nimenyamaza kwa leo. Kesho ninajibu.

#27 Bi Doti

Ungemwambia unaondoka angekufungia badia za njiani. Safari ijayo mwambie.

#28 Mpita Njia 77

#25 inanirudisha kwenye siku yangu ya ziada. Nadhani nimejua kilichokosekana. Asubuhi ile nilipita kwa muuza kahawa, akashtuka, "Hujaenda?" Na nilipopita saa sita, tena, "Bado hujaenda?" Siku iliyotangulia nilikuwa nimeshawaaga wote. Kila niliyemkuta alinitazama kama mtu wa jana. Dada wa Kirumba hakumuaga mtu, ndiyo maana siku yake ilibaki nzima.

#29 Mswahili wa Muscat

Lakini mimi pia sikumuaga mtu, na sikumjua mtu. Kwa hiyo bado.

#30 Msafiri wa Njombe

Wakuu, nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Niko Mji Mkongwe sasa hivi, chumba kiko Shangani, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho, boti kesho asubuhi. Asubuhi nimekwenda Changuu kwa sababu ya Kamanda. Kobe nimewaona, mmoja alinyoosha shingo nikamlisha jani la kabichi, ulimi wake ni wa pinki na mnene kuliko nilivyodhani. Mchana nimekwenda Darajani kwa sababu ya Bi Doti, nina doti moja ya mtu mmoja. Saa hizi ni kumi na moja kasoro, niko Forodhani kwenye ukuta.

Nahodha, unasemaje maji?

#31 Nahodha wa Mkokotoni

Jana ulikuwa mwezi mwandamo. Yamejaa. Tazama chini yako.

#32 Msafiri wa Njombe

Yamejaa mpaka jiwe la tatu kutoka juu, wanachupa. Mmoja amevua shati akanipa nimshikie. Chaji ni asilimia 4 na Mtoto wa Malindi amesema siku yenyewe inaanza jua likizama, kwa hiyo naizima simu.